Gia ya Nne, Shangazi Mgongoni

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, huku ughaibuni, Landover, mbele ya ukoo na wakwe.

Nawahadithia mwenyewe kabla Kevo hajawahadithia, maana kwake kisa kitakuwa kimeshaota mikia.

Mdogo wangu Neema anaolewa Jumamosi ijayo. Baba yuko Singida, mgongo wake hauwezi tena safari ya ndege. Baba huyu alimpeleka Neema shule kwa pikipiki miaka saba, vumbi kwa baridi. Kwa hiyo alinipigia simu, akasema: "Mimi nilimpeleka shule. Ukumbini umpeleke wewe." Nikalia. (Nalia kirahisi. Naandika riwaya.) Neema naye akalia, akaapa kwamba ataingia harusini kwa pikipiki, gauni na yote, kutoka getini hadi mlango wa ukumbi, baba akitazama kwenye simu.

Sasa, Kevo. Kevo ni mdogo wake bwana harusi, Mkenya, kijana mzuri tu, ila ana skuta. Skuta haina gia.

"Bro, mimi yangu ni kutwist mafuta tu," aliniambia. "Bibi harusi hata hatajua ametoka gate."

Neema akaamua tufanye majaribio leo saa nne asubuhi, kwenye maegesho ya ukumbi wenyewe. Kwenye nafasi ya bibi harusi angekaa Shangazi Rehema. Shangazi akiridhika, dereva ni mimi. Asiporidhika, ni Kevo na skuta yake inayolia kama mashine ya kunyolea.

Mjue kwamba Shangazi Rehema anahudumia wazee kule Gaithersburg. Kazi yake ni kuwainua watu wazima kitandani bila kuwatikisa. Anatarajia dunia nzima iwe hivyo.

Leseni ninayo tangu mwezi jana. (Msiulize nilifanya mtihani mara ngapi.) Pikipiki niliazima kwa jirani yangu Papa Glody, Mkongomani, ambaye hakukubali kuiacha ije peke yake. Alisimama pembeni na kitambaa mkononi.

"Pole pole na moto yangu, petit," akasema. Kwao pikipiki ni moto, na kijana ni petit.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijawasha. Nilihutubia.

"Kubadili gia," nikasema, mkono kifuani, "ni kama kuvuka kutoka aya moja kwenda nyingine. Ukifanya vizuri, msomaji hasikii kitu."

Shangazi akakaza kamba ya helmeti. "Haya, tuzione hizo aya."

Wiki tatu nimefanya mazoezi peke yangu nyuma ya nyumba tunazokaa. Peke yangu! Nilichokuwa sijui ni kwamba abiria ana helmeti na wewe una helmeti, na ukibadili gia vibaya, yake inagonga yako. Ko! Hakuna pa kujificha.

Gia ya kwanza, tukaondoka kama maziwa yanayomiminwa. Neema akapiga kigelegele.

Gia ya pili, nikaachia klachi mapema. Ko!

"Hiyo ndiyo aya mpya?" Shangazi akaniuliza sikioni.

"Samahani, shangazi."

"Endelea, mwanangu. Nasoma."

Gia ya tatu nikatulia. Nikapunguza mafuta, nikabana klachi, nikainua gia kwa ncha ya kiatu, nikaachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Kimya! Hakuna ko. Jua la asubuhi lilikuwa limekaa juu ya mapaa ya maghala, upepo ukiingia mikononi mwa shati langu, na nyuma yangu Shangazi alianza kuimba kidogo kidogo, kwa pua. Nikamkumbuka baba. Mbele yetu, mlangoni, Neema alikuwa ameinua simu, na humo ndani baba mwenyewe alikuwa ananitazama.

Nikataka nipite mbele yake kwa gia ya nne.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Baba ndiye aliyenifundisha pikipiki. Ile ya kwake gia zote zinakanyagwa: kanyaga, kanyaga, kanyaga, unapaa. Hii ya Papa Glody unakanyaga ya kwanza tu, nyingine zote unainua. Najua. Nimejiandikia mpaka kwenye mlango wa friji. Lakini mimi nilimkumbuka baba, na mguu nao ukamkumbuka.

Mguu ukakanyaga.

Injini ikapiga ukunga. Badala ya gia ya nne tukaangukia ya pili. KO! Shangazi mzima akanijia mgongoni, mkoba wake ukanipita begani. Nikababaika, nikakanyaga tena! Gia ya kwanza. KO!

"Embrayage! Kamata embrayage!" Papa Glody akapiga kelele, yaani klachi. Nikakamata breki. Pikipiki ikakohoa, ikazimika mbele ya mlango kabisa, ikaanza kuinama. Taratibu. Nilikuwa na muda wa kumtazama kila mtu usoni.

Shangazi akashusha mguu mmoja, akavuta wa pili, akasimama kando na mkoba wake kama mtu aliyefika kituoni kwake. Mimi nikalala chini na pikipiki.

Papa Glody akaja mbio. Akaniruka. "Kioo iko muzima!" akasema, akamshukuru Mungu.

"Na mimi?"

"Na weye uko muzima. Lamuka, simama."

Kevo alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka. "Msee! Nimerekodi yote!"

Baba hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Amekanyaga?" akauliza kwenye simu.

"Amekanyaga, baba," Neema akajibu.

Baba akakohoa. Nakijua kile kikohozi. Ni kicheko kilichofungiwa mlango. "Mguu wake bado uko huku," akasema.

Kisha wote tukamgeukia Shangazi. Akavua helmeti, akapanga kilemba chake bila haraka.

"Ya kwanza, safi kabisa. Ya pili imenigonga. Ya tatu nilikaribia kusinzia kwa raha. Ya nne," akanitazama pale chini, "sijaiona."

Kevo akainuka, akaanza kupangusa kiti cha skuta.

"Ya kwanza ilikuwa safi?" Neema akauliza.

"Safi kabisa."

"Basi kaka atanipeleka kwa ya kwanza. Hiyo hiyo moja, kutoka getini mpaka hapa."

"Neema," nikasema, "kwa gia ya kwanza tutafika saa ngapi?"

"Tutafika."

Kwa hiyo, wageni waalikwa, nina ombi moja tu kwenu. Jumamosi mkitukuta njiani, msitupite kwa miguu.