Mwezi Wangu na Mwezi wa Kaliza

Jumatano, 6 Agosti. Kabeza.
Nimeuota tena mchezo wangu mpya! Mwanaume anaposa mwezi. Ng'ombe wa mahari anapanda mawinguni, kwato hazitoi sauti. Shule niliiacha darasa la nne, lakini ndoto haziulizi cheti. Nimemwandikia Kaliza, binti anayetupambia jukwaa: nataka mwezi mkubwa, uonekane tangu pazia linapofunguka. Jumapili tunauonyesha, na mke wangu anakuja kuutazama. Mukandekezi hajawahi kukaa hadi mwisho wa mchezo wangu. Kila mara anakumbuka maharage jikoni. Safari hii atakaa!

Alhamisi, 7 Agosti.
Kaliza amejibu. Eti muzehe, yaani mzee mimi, tangu lini bibi harusi akatolewa kabla wazee hawajamaliza kubishana? Mwezi ufichwe, utoke mwishoni. Nikamkumbusha kwamba aliyeoa ni mimi. Akatuma picha: duara la kitambaa cheupe, taa nyuma yake. Nikaitazama hadi chai ikapoa. Nzuri mno! Nikamjibu mbaya.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nimemwandikia kwamba nimekubali. Kisha nikachukua ungo wa Mukandekezi, nikaupaka chokaa, nikauanika uani. Kuku wameutazama, wakaenda kulala saa tisa mchana. Huo ndio mwezi! Mukandekezi ameuliza ungo wake uko wapi. Nikasema nitawauliza majirani.

Jumapili, 10 Agosti.
Ukumbi wa parokia ulijaa. Nikatundika ungo kimyakimya, Kaliza akiwa nyuma na taa zake. Pazia likafunguka. Aaah! Nikaelea. Mukandekezi hakubandua jicho!
Mwishoni Kaliza akawasha wa kwake. Miezi miwili! Gakwaya, anayeigiza baba wa mwezi, yule niliyemnyima nafasi ya mchumba, akainua fimbo. Akaniita nilikojificha: wewe mkwe, ng'ombe umeleta mmoja, huyu binti wa pili umemwiba kwa nani? Watu wakacheka mpaka machozi. Maneno hayo sikuyaandika mimi! Mshenzi.
Lakini Mukandekezi hakuinuka. Hata watu walipotoka alibaki, mikono magotini, akiutazama mwezi wangu. Nikamsogelea, moyo umenijaa. Akasema nimshushie ungo wake, na chokaa niilambe mwenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti.
Kaliza ameandika kwamba hafanyi kazi na mimi tena, hata nimletee jua. Jua! Sikuwa nimelifikiria. Nimemjibu aanze kuchora. Mukandekezi ana sufuria moja kubwa, anaisugua mpaka inang'aa. Akiiona jukwaani atakaa tena hadi mwisho.