Inspekta wa Maboneti

Lionel Tapscott alikuwa ameegesha gari chini ya mlima Hoggett, anakula pai ya nguruwe, na akili yake imepumzika, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake ni nadra. Wiki mbili zilizopita alikuwa anawauzia wastaafu bima ya mafuriko kwa nyumba zilizojengwa juu ya vilima. Biashara ilikwenda vizuri mpaka mmoja wao alipochungulia dirishani. Sasa alikuwa anatafuta mahali ambapo sura yake bado ni ngeni.

Ndipo akapitwa na kasisi.

Kasisi alikuwa kwenye Harcombe nyekundu ya mwaka sitini na tatu, gari dogo la michezo la viti viwili na paa la turubai. Magari hayo yalitoka kiwandani na injini ya silinda nne, yenye nguvu ya kukufikisha kanisani ukiwa tayari umeshasali njia nzima. Lakini hili lilipita trekta la majani makavu palepale kwenye mwinuko mkali, likaongeza gia mahali ambapo wenzake hupunguza, likapotea juu likinguruma. Tapscott aliacha kutafuna. Yeye mwenyewe aliendesha Barrowby, saluni kubwa nyeusi ya silinda nane, na sauti ile aliijua vizuri kuliko sauti ya mke wake, ambaye kwa kweli hakuwa amemsikia kwa muda mrefu. Mtumishi wa Mungu alikuwa ameficha silinda nane chini ya boneti.

Alimfuata mpaka Clunbrook, kwenye uwanja wa nyasi mbele ya kanisa. Kulikuwa na Harcombe nane zimepangwa mstari, wenyewe wamekaa pembeni kwenye viti vya kukunja, chupa za chai na sandwichi za matango magotini. Juu yao palining'inia kitambaa: KLABU YA HARCOMBE ASILIA. HAKUNA KILICHOBADILISHWA. Na maboneti yote manane yalikuwa yamefungwa.

Hilo ndilo lililomfurahisha Tapscott kupita yote. Nenda maonyesho yoyote ya magari ya zamani katika kaunti hii, utakuta maboneti yako wazi na mwenye gari amesimama kando, anaomba Mungu apate wa kumwuliza swali. Kwetu Clunbrook boneti halifunguliwi mbele za watu. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa si adabu, na unaongezewa chai.

Kesho yake alirudi amevaa koti la kijivu, ameshika ubao wa karatasi wenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Alijitambulisha kuwa Inspekta kutoka Daftari la Taifa la Uasilia. Hakuna aliyeomba kitambulisho. Sisi mtu mwenye ubao na kalamu ya kamba hatumwulizi katoka wapi. Tunamwuliza kama anatia sukari.

Akawahutubia kwa masikitiko makubwa. Injini iliyozaliwa na gari, alisema, ndiyo roho ya gari, na gari lisilo na injini yake ni maiti inayotembea. Jumamosi ijayo angefungua maboneti yote, moja baada ya jingine, mbele ya kijiji. Atakayekutwa na injini ngeni, jina lake lingesomwa kwa sauti.

Siku hiyo hiyo toba zikaanza kumiminika. Kasisi Aubrey Pym alimvuta nyuma ya kabati la nguo za kwaya, akakiri, akampa bahasha, kisha akaomba radhi kwa wembamba wa bahasha. Daktari Cleeve, aliyestaafu kung'oa meno, alikiri huku ameziba mdomo kwa leso. Madada wawili wa Prosser wanamiliki gari moja, na kila mmoja alikuja peke yake kumsihi asimwambie mwenzake. Hao wawili walilipa mara mbili kwa injini moja. Kufikia Alhamisi Tapscott alikuwa na bahasha za magari saba, na jambo lililompa raha zaidi ni kwamba kila mmoja wao alijiona mwenye dhambi pekee katikati ya watakatifu.

Gari la nane lilikuwa la mwenyekiti, Bi Enid Wragg. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, na Harcombe yake ya kijani aliinunua mpya mwaka sitini na nne kwa pesa ya kuuza ng'ombe. Tapscott alimkuta kwenye ua wake, na kabla hajafungua mdomo, bibi akanyanyua boneti mwenyewe.

Tapscott akameza mate. Ilikuwa injini ya asili, ndogo, safi, namba yake sawasawa na ile ya kwenye kitabu cha gari, hata vibano vya mipira ya maji vilikuwa vya kiwandani. Gari la namna ile, wenye fedha wa London walikuwa tayari kuligombania kama watoto. Bahasha saba zikaonekana nauli ya basi.

Alivua kofia, akaongea kwa sauti ya msibani. Gari hili ni mali ya taifa, alisema. Haliruhusiwi tena kukanyaga barabara. Litatunzwa kwenye makumbusho, na Daftari, kwa ukarimu wake, litampa bibi gari jingine.

"Gari gani?" Bi Enid aliuliza.

"Langu mwenyewe, Bi Wragg. Nitajinyima."

Bi Enid aliikagua Barrowby kwa kuizunguka taratibu. Akasema yeye mambo ya mashine hayajui, mumewe ndiye alikuwa anajua. Kisha akauliza kama ina silinda nane. Akauliza kama injini yake ni ya aluminiamu, kwa sababu alisikia mahali kwamba hizo, ukubwa wote ule, uzito wake hauzidi hata ule wa injini ya chuma ya silinda nne. Akaomba afunguliwe boneti, akaichungulia injini kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliye dirishani kwa mwokaji.

"Inapanda Hoggett?" aliuliza.

"Inapanda huku imelala, mama yangu."

"Maana mimi nimechoka. Miaka thelathini napanda mlima ule kwa gia ya kwanza, na miaka saba sasa wenzangu wote wananipita wakinipungia mkono. Nikadhani naendesha vibaya."

Tapscott akamwonea huruma kwa sekunde nzima, kisha akatoa kalamu. Walibadilishana hati pale pale juu ya ubao wa kukatia mkate: Barrowby ingebaki kwa bibi tangu siku hiyo, na gari la kijani angelichukua Jumamosi, watu wote wakiwa uwanjani. Bibi alimkumbusha kwamba barabara ya bondeni Jumamosi hufungwa kwa ajili ya kondoo, kwa hiyo apitie Hoggett. Kitu kimoja hakumwambia. Harcombe ambayo ni ya asili kabisa haijawahi kuumaliza mlima ule bila kusimama nusu ya njia, kwenye birika la kunyweshea farasi, ikapoe nusu saa. Lakini Inspekta wa Uasilia, bibi alifikiri, bila shaka hilo analijua.

Jumamosi saa sita mchana, kijiji kikiwa kimekusanyika uwanjani kusubiri aibu, Tapscott alipita kwenye Harcombe ya kijani, begi la bahasha kando yake, akaelekea mlimani bila kupunguza mwendo. Dakika kumi baadaye Bi Enid akafika kwa miguu.

"Yule bwana ameondoka na gari langu," alisema. "Ni tapeli. Nilipiga simu London. Hilo daftari lake halipo. Sasa hivi anachemsha maji pale birikani. Likipoa, anavuka kaunti na silioni tena. Nahitaji mtu mwenye gari la kupanda Hoggett bila kusimama."

Hakuna aliyesogea.  Wenye magari yale saba walitazama vikombe vyao. Kila mmoja alikuwa na gari la kupanda Hoggett, na kila mmoja alijua kwamba akijitokeza atakuwa amejivua nguo mbele ya klabu nzima. Bi Enid alisimama pale, mkoba mikononi, akageuka kuutazama mlima. Gari lile ndilo alilopandia siku ya harusi yake, na wote walilijua hilo. Alianza kujuta ujanja wake.

Kikombe cha Kasisi kililia juu ya kisahani. Akainuka.

"Langu lina silinda nane, Enid," alisema. "Tangu Pasaka ya themanini na saba. Nisamehe."

Daktari Cleeve akamtazama kwa mdomo wazi, meno yote nje. "Na langu," alisema. Kisha dada mmoja wa Prosser akasimama, na mwingine akasimama, wakatazamana. Wakafuata wote, wa mwisho akiwa mweka hazina, ambaye alikuwa ameandika kanuni za klabu kwa mkono wake. Walibaki wamesimama wakiangaliana, watu waliodanganyana kwa miaka saba kwa uangalifu mkubwa, na mtu fulani akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

"Nilijua siku zote," Bi Enid alisema, akifuta macho. "Nina masikio. Haya, nendeni."

Injini saba kubwa ziliwaka kwa pamoja, na njiwa wote wa mnara wa kanisa wakahama. Msafara ukapanda Hoggett kwa kishindo, kwa kasi ya kutisha, isipokuwa waliposimama kumpisha binti aliyepanda farasi, na mara ya pili kwa ajili ya bata.

Tapscott walimkuta birikani. Rejeta ilikuwa inatoa mvuke, mkono wake wa kulia ulikuwa umezama majini baada ya kufungua kifuniko kabla ya wakati. Magari yakamzunguka. Vikatolewa viti vya kukunja, ikatolewa chai.

Alijaribu silaha yake ya mwisho. Kama hawatamwachia njia, alisema, angewataja wote, kila mtu na injini yake.

"Utamtajia nani?" Kasisi aliuliza kwa upole. "Tumeshatajana."

Tapscott akautoa mkono majini. Akatoa begi. Akatoa ufunguo. Akasaini kumrudishia Bi Enid gari lake, kwa mkono wa kushoto, juu ya goti lake, kando ya boneti la Kasisi, ambalo sasa lilikuwa wazi. Kisha akaomba jambo moja dogo: wampe Barrowby yake aende zake.

Waliteremka naye mpaka kijijini, wakiivuta Harcombe ya kijani kwa kamba. Barrowby ilikuwa nyuma ya bucha ya Ron Gittins, alikoipeleka Bi Enid. Pua yake ilikuwa imejaa upepo mtupu. Ndani ya chumba cha baridi, kwenye ndoano inayobeba nusu ng'ombe, ilining'inia injini ya aluminiamu ya silinda nane, imeshafutwa mafuta. Ron alikuwa anakunja mikono ya shati. Injini zote za klabu, moja moja, zilikuwa zimepita kwenye ndoano ile kwa miaka saba, na Ron hakumwambia mtu hata mmoja. Alisema mchinja nyama hatangazi nani kala nini.

"Hiyo ni injini yangu," Tapscott alisema.

"Uliniandikia hati mwenyewe," Bi Enid alijibu. "Lakini mimi si mtu wa kumwacha mgeni atembee kwa miguu. Gari nakurudishia. Na nakupa na injini yangu, ile ya asili, ambayo uliniambia ndiyo roho. Ron atakufungia. Au tumwite polisi wa Ludlow, kama unaona hiyo ni nafuu."

Tapscott alichagua Ron. Kazi ilichukua siku tano, na kwa siku hizo tano Inspekta alimenya viazi kwenye baa ili apate pa kulala, na waliokula wanasema alikuwa anamenya vizuri. Ron alimfungia silinda nne ndogo ndani ya lile jumba jeusi, ikabaki na nafasi ya kuweka kondoo kila upande.

Akaondoka Alhamisi asubuhi. Barabara ya bondeni bado ilikuwa na kondoo. Alianza Hoggett kwa gia ya kwanza, akiinamia usukani kana kwamba anaweza kuusaidia, na nusu ya njia mvuke ukaanza kutoka.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa birika, akisubiri, ndipo akasikia ngurumo ile inapanda kutoka chini. Sauti yake mwenyewe, ya gari lake mwenyewe. Harcombe ya kijani ilitokeza kwenye kona, paa limefunguliwa, kitambaa cha kichwani kinapepea, ikaongeza gia.

Bi Enid alipompita alimpungia mkono kwa adabu zote, kama alivyopungiwa yeye miaka saba.