Mpishi wa Pili wa Nyambizi Umkhoma

Jumatatu, 4 Machi

Nimeingia! Mimi, Denzil Kamfer, mpishi bora wa jeshi la majini (bado hawajatangaza), nimehamishiwa nyambizi Umkhoma hapa bandari ya Simon's Town. Miaka sita nimepika kwenye manowari ya juu ya maji, jiko lenye madirisha na upepo. Huku nimeonyeshwa kabati. Nikauliza jiko liko wapi. Nikaambiwa nimesimama ndani yake.

Watu arobaini na wawili, milo minne kwa siku. Plati mbili za umeme za kupikia, oveni moja, sinki la kumwogeshea paka. Viazi vinalala chini ya kitanda changu. Vitunguu vinalala juu ya kitanda changu. Makopo ya nyanya yametandazwa kwenye ujia wote na tunatembea juu yake tumeinama. Kadiri tutakavyokula ndivyo tutakavyosimama wima.

Mpishi mkuu ni Afande Nozuko Ntlabathi, mama kutoka mji wa Mthatha, mfupi, mpana, miaka kumi na tisa chini ya maji. Habari njema: hii ni safari yake ya mwisho, anakwenda kufundisha chuo cha wapishi. Habari mbaya: anayerithi jiko atatajwa kwenye ripoti yake.

Amenitazama kuanzia kofia hadi viatu. Akasema, "Kamfer, mwanangu, humu kuna sheria mbili. Tukiwa chini hukaangi kitu. Na hudondoshi kitu. Mengine tutaelewana."

Tutaona. Nina mpango. Mabaharia wakinipenda wote, ataandika nini tena?

Jumanne, 5 Machi

Tumezama. Masikio yameziba.

Nahodha Terblanche ametueleza zoezi. Manowari itatutafuta juma zima. Sisi tuinyemelee, tuipige picha kwa darubini, ihesabiwe kwamba tumeizamisha. Tukikamatwa, nyambizi hainyimwi cheti tu, inafungwa gatini hadi mwakani, na watu wake wanasambazwa. Manowari yenyewe ni ile yangu ya zamani! Nikasema nawafahamu, wapishi wao hawajui hata kuchemsha yai. Hakuna aliyecheka.

Nimemchunguza Ntlabathi, kama mtu anavyomchunguza adui. Anakanda unga kwa mkono mmoja, mwingine ameshika bomba. Nyambizi ikitaka kuinama, yeye ameshainama. Sijui anajuaje. Sufuria yake haikumwaga hata tone. Yangu imenimwagikia viatuni, supu yote ya dengu. Mkate wake ulipotoka, watu walitoka hata chumba cha injini kuja kunusa tu, wakarudi kazini.

Mkate ni mkate. Nisizidishe.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya mpango.

Ntlabathi hulala saa sita hadi saa tisa mchana. Saa sita na robo nilitoa unga niliouumua kwa siri ndani ya foronya safi. Magwinya! Maandazi ya kwetu: mviringo, ya dhahabu, yanayeyuka. Nilihesabu: thelathini yangetosha kununua mioyo yote.

La kumi na mbili lilikuwa kwenye mafuta niliposhangaa kwamba sioni ukuta. Ukuta uko karibu kama pua yangu.

King'ora. Taa nyekundu. Watu arobaini na wawili wakavaa barakoa za hewa na kukaa wima wakiyatazama magwinya yangu kwa macho ya huzuni. Huwezi kula magwinya ukiwa na barakoa. Sikulifikiria hilo.

Moshi humu hauna pa kwenda. Ikabidi tupande karibu na juu, tutoe bomba tubadilishe hewa, na rada ya manowari ikaliona bomba. Tukakimbia chini kama panya, kabla haijatushika.

Nahodha akaja jikoni mwekundu kama nyanya. Nilifungua mdomo niseme ni hitilafu ya umeme. Ntlabathi, ametoka kulala, kitambaa kichwani, akasimama mbele yangu. Akasema, "Jiko ni langu, Nahodha. Na moshi wake ni wangu."

Nahodha alipoondoka, Ntlabathi alichukua gwinya moja, akalitafuna taratibu. "Osha hiyo sufuria," akasema. "Halafu chumvi imepungua."

Kanitetea. Kisha kanitukana. Sijui nimshukuru kwa lipi.

Ijumaa, 8 Machi

Kimya kikuu tangu alfajiri. Manowari iko juu yetu, inasikiliza. Tunatembea kwa soksi tu. Kukohoa ni kwa zamu. Ntlabathi amefunga vitambaa kwenye kila kijiko, kila kikombe.

Nikafikiri: mabaharia wamenichukia, kumebaki Nahodha. Nikamtengenezea kahawa yenye mdalasini, mwenyewe, bila kutumwa. Sinia zote zilikuwa zimefungwa vitambaa, hazipendezi. Nikatumia mfuniko wa sufuria kubwa.

Sikujua kwamba ngazi ya kwenda kwa Nahodha ina vidato saba. Sasa ninajua. Mfuniko ulivihesabu vyote, kimoja kimoja, kwa sauti. Manowari nayo ikavihesabu.

Hakuna aliyenigombeza. Kimya kikuu hakiruhusu. Walinitazama tu, ambayo ni mbaya zaidi.

Sasa tumejificha karibu na sakafu ya bahari. Injini haziwezi kuwashwa, kwa hiyo betri hazichajiwi. Nahodha amekata umeme: taa nusu, oveni hapana, plati hapana. Siku mbili, labda tatu. Ntlabathi akamwendea, akamnong'oneza. Alikuwa anaomba dakika ishirini za plati moja kwa siku. Akapewa.

Dakika ishirini! Kwa watu arobaini na wawili! Nilikaribia kumhurumia.

Jumamosi, 9 Machi

Ameamua kupika umngqusho, mahindi ya kupondwa na maharage. Chakula cha saa nne motoni! Aliyaloweka tangu jana, bila kuambiwa na mtu. Akachemsha na mifupa dakika ishirini kamili, akazima, akabana mfuniko kwa kamba. Kisha akaomba mablanketi matatu, likiwamo langu, akaifunga sufuria kama mtoto mchanga na kuibana katikati ya magunia. Akakaa kando yake. Akashona kifungo cha shati.

Nikajua ameshindwa. Nikaficha makopo kumi na mawili ya dagaa chini ya godoro. Sufuria ikifunguliwa na mahindi yakiwa mawe, Kamfer atatokea na dagaa. Shujaa!

Zilipopita saa sita alifungua. Mvuke ulipanda hadi kwenye dari. Mahindi laini, maharage yamepasuka, uboho umeyeyuka. Watu walikula kwenye gizagiza. Baharia mmoja mkubwa, mwenye ndevu, alifumba macho na kukaa hivyo na kijiko mdomoni. Mimi nilikula sahani mbili. Dagaa hakuna aliyewaulizia.

Kisha akaniuliza kama Moodley amekula. Moodley ni fundi wa betri. Tangu jana amelala kifudifudi ndani ya shimo la betri akisoma mita, hawezi kutoka. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Ntlabathi alitoa chupa ya chai, ile ya kutunza joto. Ndani yake umngqusho mwingine, usio na mifupa, kwa sababu Moodley hali nyama. Aliupika kwenye dakika zilezile ishirini! Katika sufuria ndogo, ukingoni mwa plati ileile, na sikuiona!

Akaingia kwenye shimo ambalo ningeapa haingii hata nusu yake. Akaniambia nimshike miguu. Nikamsikia akinong'ona, "Fungua mdomo, mwanangu. Mikono yako iache ilipo. Wewe tupe taa, tumbo lako niachie mimi." Moodley akajibu kwamba mama yake mwenyewe hajawahi kumlisha hivi. Akamwambia, "Basi ukifika nyumbani kamsemee."

Nilikaa nimeshika miguu yake dakika kumi. Soksi zimetoboka visiginoni. Nikayafunika matundu kwa viganja. Ni kwa sababu ya baridi tu.

Jumatatu, 11 Machi

TUMESHINDA!

Manowari ilichoka kutusubiri. Ilidhani tumekimbia, ikageuka kurudi. Tukaifuata nyuma polepole, tukainua darubini, picha! Karibu kiasi kwamba anaonekana mpishi wao akimwaga maganda ya viazi baharini. Namfahamu. Anamenya vibaya.

Nahodha akatangaza kwenye spika. Alisema nyambizi nyingine zingepanda juu siku ya pili, kwa njaa na baridi na hasira. Sisi hatukupanda, na wote tunajua ni kwa sababu ya nani. Kisha akasema kimya kikuu kimekwisha, tunaweza kugonga vijiko. Wakagonga! Sahani, mabomba, kuta. "Ma-Ntla! Ma-Ntla!" Yeye akasema waache kelele, mkate utasinyaa ndani ya oveni.

Niligonga kuliko wote. Nakiri. Nimepika miaka sita na sijawahi kuona upishi.

Alhamisi, 14 Machi

Bandarini. Amenisomea ripoti uso kwa uso.

"Kamfer ana mkono mzuri na kichwa kibovu. Mkono ni wa kuzaliwa nao. Kichwa hufundishika. Apewe jiko kwa majaribio, miezi mitatu."

Nililia. Nikamwapia kwamba sitakaanga, sitadondosha, sitaficha kitu, sitafanya mpango wowote tena maishani mwangu. Akanishika bega akasema, "Pika tu, mwanangu. Watakupenda wenyewe." Akaondoka na begi lake kwa miguu, na walinzi wa lango wakampigia saluti ambayo hata Nahodha hapigiwi.

Mama wa aina yake. Nitamkumbuka siku zote.

Saa nane mchana. Jiko ni langu. Mabaharia wako likizo hadi Jumatatu. Nimepita chumba cha makombora. Hewa kavu. Baridi. Hakuna nzi hata mmoja. Na reli zile ndefu, zimepangwa sawasawa, kama zilitengenezwa kwa ajili ya kuanikia samaki! Samaki aina ya snoek wamejaa bandari ya Kalk Bay wiki hii. Nahodha akirudi na kukuta snoek arobaini waliokaushwa na mpishi wake mpya, miezi mitatu ya nini? Atanithibitisha siku hiyohiyo.

Harufu? Nitafunga mlango.