Naomba Nitolewe kwenye Kamusi

Kwako Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Natumaini u mzima na kalamu yako bado ina wino. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na shule ya msingi. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu kitenzi cha Kiingereza "intoxicate". Maana yake, kulewesha, umeieleza vizuri, sina neno. Ila mfano wako, ukitafsiriwa, ni huu: "Pombe ilimlewesha fundi wa nguo, akashona suruali ya miguu mitatu." Mtaa huu una fundi mmoja tu. Na shuleni mifano yako hukaririwa kwa sauti kila asubuhi, madirisha wazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja wakija kupimwa, wananinusa kwanza. Mama mmoja aliyeleta kitambaa cha harusi alitandika tepu yangu sakafuni, akanitaka nitembee juu yake kutoka mlangoni hadi kwenye pasi. Nilifika salama. Kitambaa akaondoka nacho.

2. Muuza mkaa jirani, ambaye hajasimama wima tangu Ijumaa, ananipa pole na kunishauri nipunguze. Yeye kamusi haimtaji. Nimetafuta hadi herufi Z.

3. Binti yangu wa darasa la sita alijaza fomu ya shule. Kazi ya baba: akaandika "rubani". Hapo, ndugu yangu, niliumia. Hata sare aliyovaa akiandika uongo huo nimeishona mimi.

Kwa hiyo toleo lijalo tafuta mlevi mwingine. Ukikosa, jiweke mwenyewe: "Pombe ilimlewesha mhariri, akamharibia fundi jina." La sivyo tuonane mahakamani, na suti ya wakili wangu nitaishona mimi.

Nisalimie wote ofisini, hadi anayewachemshia chai.

Wako mwenye akili timamu,
Fundi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, binti amerudi na matokeo: wa kwanza kwa Kiingereza! Mwalimu alitaka mfano wa kitenzi hicho usiotoka kwenye kamusi, naye akatoa sita, yote ya nyumbani kwetu. Nimeikagua, ni kweli tupu. Naiambatanisha. Ule wa nne, wa gauni la bibi harusi nililoliunganisha na pazia, unaushinda wako kwa mbali. Ukiuchapa, tafadhali andika chini yake: umetungwa na binti wa fundi cherehani. Mwenyewe ndivyo alivyosaini.