Mwongozo wa Kuanguka Kazini

Kampuni yetu ya kupaki maparachichi hapa Kyimo ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeumia kazini bila idhini ya kamati.

Mwenyekiti wa kamati ni bosi wetu, Meneja Methusela. Mimi Sunday ndiye katibu. Muhuri ninao mimi.

Sheria ya nchi tuliiona fupi mno. Mfanyakazi akiumia kazini, au akiugua kwa sababu ya kazi, mwajiri apeleke taarifa kwenye mfuko wa fidia, mtu atibiwe, alipwe. Hiyo si mtu yeyote ataielewa? Tukairefusha, zikafika kurasa kumi na tisa.

Faili la kwanza lilikuwa la Sekela, mchambuaji. Alikanyaga parachichi bovu, akateleza, mguu ukavunjika. Bila taarifa yetu, matibabu anajilipia. Jiko la gesi alikuwa ameshaliuza.

"Hilo parachichi lilikuwa bovu?" Meneja akamuuliza.

"Limeoza kabisa, bosi."

"Basi ni rijekti. Rijekti si mali ya kampuni. Umeumizwa na mtu baki."

"Jamani, si nilikuwa kazini?"

"Kazi yako nini?"

"Kuchambua."

"Kuanguka kumo kwenye mkataba?"

Sekela akautazama mguu wake wenye plasta. "Hakumo."

"Unaona? Umefanya kazi ambayo hukutumwa."

Esnath mfagiaji akanyoosha mkono, akasema yeye na wenzake watano walimwona. Nikamsomea ukurasa wa kumi na nne: wanatakiwa mashahidi wawili waliomwona majeruhi *akifanya kazi*. Wao walimwona akianguka. Meneja akaandika barua ya kukataa kwa mkono wake, Sekela akimtazama. Toka siku hiyo tukamwandika mtoro.

Meneja akagundua kwamba tatizo ni watu kutojua kutembea. Akatukusanya kwenye banda.

"Mmezaliwa na mvua ya Tukuyu, halafu majimaji yanawashinda! Nitazameni. Kwanza kisigino, halafu..."

Halafu akawa chini. Mkono wa kulia ulivunjika sehemu mbili.

Kamati ilikaa pembeni ya kitanda chake, hospitali.

"Sunday, jaza fomu haraka."

"Kuanguka kumo kwenye mkataba wako, bosi?"

"Acha ujinga! Nilikuwa nafanya kazi!"

"Hapo sasa. Mashahidi wawili."

Nikazunguka kiwanda kizima na daftari.

"Esnath, una miaka tisa hapa. Umewahi kumwona Meneja akifanya kazi?"

"Nimemwona akisaini."

"Akisaini nini?"

"Likizo yake."

Mzee Asajile, mlinzi, alijikuna kichwa. "Mwanangu, saa nne namfungulia geti aingie. Saa sita namfungulia atoke. Hapo katikati mimi niko getini, nitasemaje uongo?"

Siku ya nne akaja Sekela hospitali na magongo yake.

"Mimi nilimwona," akasema. "Alifanya kazi siku ile ya barua yangu. Aliandika mpaka jasho likamtoka."

Meneja karibu aruke kitandani. "Mwandike huyo! Mwandike!"

"Haiwezekani, bosi. Huyu ni mtoro, na mtoro hashuhudii. Labda angekuwa ameumia kazini, maana ukurasa wa kumi na saba unasema aliyeumia kazini ahesabiwe yuko kazini hadi apone."

Meneja akanitazama. Akamtazama Sekela. Akatazama mkono wake.

"Lete hiyo taarifa yake."

Akasaini kwa mkono wa kushoto. Nikagonga muhuri, nikaituma kwenye mfuko saa ileile kabla maumivu hayajampungua.

"Ndaga fijo, bosi," Sekela akashukuru, akachukua magongo yake.

"Haya, na yangu sasa."

"Ushahidi wa Sekela umepokelewa, bosi. Bado mmoja."

Kwa hiyo umma wa Kyimo, Ibighi mpaka Isongole unatangaziwa: yeyote aliyewahi kumwona Meneja Methusela akifanya kazi, hata kwa mbali, afike ofisi ya katibu. Tangazo lina wiki ya sita getini. Mvua imelifuta mara mbili, nimeliandika upya.