Kundi la Wenye Dhamana

Jumatatu, 1 Machi 2004
Siku yangu imefika! Mzee Nathanaeli, meneja wa chama chetu cha wakulima wa alizeti hapa Singida, kanikabidhi kompyuta ya mradi. Nikiiweka sawa kabla mkaguzi hajaja Ijumaa, natoka kwenye majaribio, napata ajira ya kudumu. Kuifungua, mtu anapita hatua mbili: anaandika neno la siri, kisha namba inayotokea kwenye kidude cha mfukoni alichopewa na kubadilika kila dakika. Nimepanga watumiaji kwenye makundi mawili. Wenye Dhamana: mimi, Tamimu, na Mzee. Wengineo: Naftali wa masijala, peke yake. Kanuna mpaka jioni. Nimekula vizuri.

Jumanne, 2 Machi
Nimeendesha semina ya saa mbili. Neno la siri halitajwi. Kidude hakiazimwi. Namba haisemwi kwenye simu, hata kwa ndugu. Selina, mpika chai, alisimama mlangoni na birika. Nikamwambia haya hayamhusu. Akaitikia sawa, akaendelea kusikiliza.

Jumatano, 3 Machi
Balaa! Mzee kaenda Misigiri kuonana na wakulima. Kidude chake na neno lake la siri kamwachia Selina, eti visije vikapotea njiani. Kabla hajaondoka nilimwamkia Mzee shikamoo, nikamweleza kwa adabu kwamba kanuni hairuhusu. Akajibu marahaba, akasema Selina katunza funguo zote za ofisi na dawa zake za presha miaka tisa, kidude kitamshindaje? Kwa mzee unabishaje? Naftali, mfitini yule, naye kakimbilia kuweka chake hapo hapo kwa Selina, ndani ya kopo lake la majani ya chai.

Ijumaa, 5 Machi
Mkaguzi kaja mchana, mimi niko msikitini. Nakiri: kanzu yangu haina mfuko. Changu pia nilimwachia Selina. Na neno la siri, kwa dharura. Dakika arobaini tu! Ningemwachia nani, Naftali?

Narudi, namkuta Selina kwenye kiti changu, vidude vitatu mezani, anamfungulia mkaguzi kila anachotaka kuona. Mkaguzi akamjaribu, akamwomba amwazime kimoja. Kakataa, tena kwa maneno ya semina yangu! Basi kateuliwa kiongozi wa Wenye Dhamana, anakwenda Dodoma kwa mafunzo ya wiki mbili. Mimi nimeulizwa kama najua kupika chai. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 8 Machi
Selina kaondoka alfajiri na vidude vyote, maana amana haiachwi ovyo. Mzee kanionea huruma: Jumamosi, Selina akiwepo, aliandika barua yangu ya ajira. Imo ndani ya kompyuta, imebaki kuchapwa na kutiwa saini. Majaribio yangu yanaisha kesho. Bila barua, narudi kwa mama, kijijini Issuna.

Nimempigia Selina simu. Kanisalimia vizuri, kamuulizia mama, kisha kakataa kutaja namba. Kasema hata sauti ikiwa ya Tamimu mwenyewe, atajuaje kama ni yeye?

Naftali kacheka mpaka kakaa chini. Mjinga! Haoni kwamba mfumo wangu umenizuia hata mimi niliyeuunda? Kazi safi kama hii nani kaifanya mkoa huu? Kesho mapema namwomba Mzee tuongeze hatua ya tatu.