Kocha, Nguvu Zangu Zinavuja

Kwa Kocha wa jimu yetu, ndugu ninayekuheshimu hata unaponikosea,

Salamu, na baada ya salamu, sifa kidogo. Mimi ni mtu wa bahati. Miaka kumi na minne nabeba magunia ghalani na mgongo wangu haujaniuma hata siku moja. Wenzangu wanachuliwa, mimi ndiye ninayewachua. Nimetembea, nimeona kreni za bandarini: zile zinakunywa mafuta, mimi nakunywa maji tu. Jina la Kreni sikujipa mwenyewe.

Sasa malalamiko. Kwa kuwa umenikataza kukanyaga jimu hadi Jumamosi ya mashindano, nayaleta kwa kalamu.

1. Wiki tatu zilizopita niliinua kilo mia na themanini kutoka sakafuni, ukapiga makofi. Kesho yake ukaifuta ratiba yangu ubaoni kwa kiganja, ukaandika mia na hamsini, kisha mia na ishirini, kisha "pumzika". Ukasema mwili unaweka akiba. Kocha, niliishia darasa la sita, lakini hesabu ya kutoa niliiacha nimeiweza. Kwa mwendo huu Jumamosi nitainua taulo.

2. Umenifundisha kutuliza chuma kifuani hadi mwamuzi aseme "sukuma". Mtu ana kilo mia juu ya moyo, angoje ruhusa? Na mwamuzi wetu, yule mwalimu mstaafu, hata kuitikia hodi huwaza kwanza. Na mafua yake yale, akishikwa na chafya je? Mjane wangu aende kwa nani?

3. Ratiba ulimpa mke wangu, naye ameigandisha kwa gundi mlangoni mwa jikoni. Umeandika nisinyanyue kizito. Yeye ni mshonaji, kwake kipimo ni kipimo. Ndoo ya maji ananinyang'anya. Juzi nimempakata mwanangu mchanga, akaniuliza huyo ana kilo ngapi. Hapo hapo mama mkwe akapita na mtungi wa gesi begani, umejaa, akaniambia mbele ya majirani, "Kaa tu baba, usije ukachoka." Nikanywea.

4. Hili ndilo kubwa. Mshindani wangu, muuza nyama, kila asubuhi anabeba paja la ng'ombe begani na hakuna aliyempunguzia ng'ombe. Naomba tubadilishane, yeye apewe ratiba, mimi nipewe ng'ombe. Ikishindikana, na kama kweli kupunguza ndiko kunakoleta nguvu, basi waamuzi nao wapunguze vyuma vya Jumamosi kwa hesabu ileile. Raundi ya mwisho iandikwe "pumzika", nami nitapumzika mbele ya umati hadi nivunje rekodi.

Usinione mkorofi, Kocha. Jumamosi mama yangu mzazi anakuja. Maisha yake yote ameniona nikibeba vya watu. Hajawahi kuniona nikinyanyua kitu nikapigiwa makofi.

Nisalimie shemeji yangu mkeo, wanachama wote, mwalimu mstaafu na mafua yake, na muuza nyama pia. Mwambie namwombea afya tele, hadi Ijumaa.

Ni mimi, nisiyepungua kwa heshima ingawa napunguzwa kwa kilo,
Kreni, mbeba magunia

Nyongeza, barua ikiwa bado haijaondoka: Jana mke wangu alipopeleka nguo kwa mteja, nilijaribu kunyanyua kabati la mama mkwe nione kama nguvu bado zimo. Zilikuwemo. Kabati lilifika kiunoni, na hapo kiuno kikaaga. Naandika nimelala kifudifudi, mama mkwe ananichua. Ndiye aliyeibandua ratiba mlangoni akanisomea upande wa nyuma, ule uliokuwa umeshikwa na gundi: "Tunapunguza kwa sababu mgongo wake umemlaza mara mbili mwaka huu. Tukiutunza, Jumamosi atashinda."

Kocha, nifutie kilo zote nzito. Nianzishe na chuma kitupu kama mgongo utakubali. Mama hajui kusoma namba za vyuma, makofi atayasikia.

Na ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Mgongo unaniuma tangu gunia la kwanza.